Sekunde 11 za Fundi

Kipande chenyewe, cha kipindi cha runinga cha kufungia watu wasiojuana ndani ya nyumba moja, kina sekunde 11. Mwanamke wa miaka 31 ameketi mbele ya pazia la buluu, namba ya karatasi imebandikwa kifuani. Anaitazama kamera na kusema, "Dada yangu ni mwizi." Kisha anacheka. Picha inakatwa, anaingia kijana mwingine anayepiga sarakasi, muziki unapanda, na sauti ya mtangazaji inatuambia kwamba wengi waliomba lakini ni wachache watakaoingia ndani ya nyumba. Yule mwanamke haonekani tena msimu mzima, kwa sababu hakuchaguliwa.

Nitamwita Fundi, maana ni fundi cherehani. Ameniruhusu niandike kisa chake kwa masharti mawili: nisimtaje yeye wala kipindi, na nisimpambe. Mambo kadhaa yanayoweza kumtambulisha nimeyabadilisha. Mimi mwenyewe msimu ule nilikuwa kwenye timu ya kuteua washiriki, ngazi ya chini kabisa: kutazama video za waombaji, kupanga foleni, kuandika vijikaratasi vya maelezo kwa wakubwa. Nitarudi kwenye hivyo vijikaratasi, ingawa ningependa nisirudi.

Alinitafuta miezi mitatu baada ya msimu kwisha. Swali lake lilikuwa moja: nilikosea wapi? Alitegemea nimwoneshe jibu fulani alilolitoa vibaya, kama mwalimu anavyoonesha swali la tano kwenye mtihani. Tukakaa jioni mbili, tukarudi nyuma hatua kwa hatua tangu siku aliyojaza fomu.

Pini mdomoni

Fundi aliomba mara mbili. Mara ya kwanza hakujibiwa kabisa, na nilipoiona video yake ya mwaka ule sikushangaa. Amevaa nguo ya kutokea, amesimama wima mbele ya ukuta mweupe, anasema anajituma, anapenda changamoto, anaweza kuishi na watu wa aina zote. Ni barua ya kuomba kazi iliyosomwa kwa sauti. Hakuna uongo ndani yake, lakini mtu naye hayumo. Mezani kwetu video ya namna hiyo ilipewa sekunde 20, au 15 kama saa ya kula imekaribia.

Mwaka uliofuata akatuma nyingine. Anashona. Simu inayorekodi imeegeshwa juu ya rafu, kwa hiyo tunamwona kwa juu, utosi na mikono. Midomoni amebana pini saba au nane, na anabishana na mteja kwenye simu ya pili aliyoiweka spika. Mteja analalamika gauni linambana. Fundi anachomoa pini moja mdomoni, anaichomeka kwenye pindo, anajibu bila kufumbua meno: "Gauni halibani, mama. Vipimo ulivyoniletea ni vya mwaka juzi." Anachomoa ya pili. Kadiri pini zinavyopungua ndivyo maneno yanavyotoka makali zaidi, na ya mwisho inapochomolewa sauti imejaa chumba kizima. Anakata simu, anainua uso kuelekea rafu, anasema: "Atarudi. Huwa wanarudi wote."

Niliitazama mara tatu, nikamwita mwenzangu naye aitazame.

Waombaji wengi hudhani tunatafuta vituko, ndiyo maana kila mwaka tunaletewa watu waliojipaka rangi usoni. Kituko hakikai. Siku ya nne ndani ya nyumba rangi imeshatoka, na aliyekuwa chini yake hana la kusema. Zile pini zilituonesha mtu anayejizuia, tukaona kinachomzuia, kisha tukaona kinachotokea kizuizi kikiondoka. Mteuzi akiona hivyo anaanza kuwaza nani amkalishe naye.

Hapo ndipo penye siri ya kazi yenyewe, kama ni siri. Vipindi vya aina hii si vya zamani sana. Expedition Robinson ya Uswidi ilirushwa mara ya kwanza mwaka 1997, na wazo hilohilo likaja kuitwa Survivor nchini Marekani mwaka 2000. Big Brother ilianza Uholanzi Septemba 1999. Tangu wakati huo mahitaji ni yaleyale: watu wasiojuana wafungiwe mahali pamoja, halafu hadithi itoke yenyewe bila mwandishi. Hadithi haitoki yenyewe. Inatoka kwa nani amelazwa kitanda cha pili kutoka kwa nani. Katika msimu ule wa kwanza wa Survivor ya Marekani waliwekwa watu 16 kisiwani kwa siku 39, wakigombea dola milioni 1. Mmoja alikuwa Rudy Boesch, mwanajeshi mstaafu wa miaka 72 mwenye msimamo wa kizee kabisa. Mwingine Richard Hatch, mkufunzi wa makampuni, shoga asiyejificha. Kwenye karatasi ungesema hawa hawatakunywa maji ya kisima kimoja. Wakashikamana mpaka karibu na mwisho: Boesch akatoka wa tatu, Hatch akashinda. Mteuzi aliyewaweka kundi moja alikuwa akiutafuta uhusiano, wala hakuwa na haja ya kujua nani kati yao ni bora kuliko mwenzake.

Kwa hiyo mtu akiniuliza kwa nini hakuchaguliwa ilhali alijibu vizuri kuliko aliyechaguliwa, sina jibu la kumridhisha. Ukutani kwetu kulikuwa na picha nyingi na viti 12. Kama kiti cha mwanamke wa maneno makali mwenye kazi ya mikono kilishapata mtu asubuhi, anayekuja mchana, hata awe nani, anakuta pamejaa. Huwezi kulijua hilo ukiwa kwenye foleni, na hakuna atakayekuambia.

Kalamu ya kamba

Siku ya usaili wa ana kwa ana Fundi alifika alfajiri. Foleni ilizunguka jengo. Mlangoni kulikuwa na meza tatu, na kwenye kila meza kalamu iliyofungwa kwa kamba isiibwe. Unapewa namba ya kubandika kifuani na karatasi za ridhaa, kurasa nne za maandishi madogo, halafu unaweka sahihi.

Kurasa hizo zinasema nini? Kwa kawaida ni kwamba umekubali kurekodiwa tangu unapoingia eneo lile. Kwamba picha na sauti yako ni mali ya watayarishaji, watakayoitumia popote, kwa chombo chochote, bila kikomo cha muda na bila malipo. Kwamba wanaweza kukata, kuunganisha na kupanga upya. Kwamba yanayorushwa yanaweza kufichua mambo yako ya faragha au kukutia aibu. Na kwamba hutawashitaki kwa hayo. Lugha hutofautiana kidogo kati ya kipindi na kipindi, mwelekeo ni huo. Karatasi ni ileile kwa atakayeshinda na kwa atakayerudishwa baada ya dakika tatu.

Fundi alisoma ukurasa wa kwanza. "Nyuma yangu watu mia," aliniambia, "na kijana wa mezani anasema ni kawaida tu, dada, weka sahihi hapa na hapa."

Kijana wa mezani nilikuwa mimi. Hakunikumbuka, na mimi sikumkumbuka mpaka aliponitajia namba yake.

Basi kosa la kwanza, kama tunataka kuliita kosa, lipo hapo, na si kwamba hakusoma. Hata angesoma zote nne angeweka sahihi, kwa kuwa bila sahihi huingii. Kosa lilikuwa la uelewa: aliiona karatasi ile kuwa ni ya kipindi, na kipindi kwake kilikuwa kitu cha mbele, kitakachoanza akichaguliwa. Usaili aliuhesabu kuwa ni kibaraza, mahali pa kusubiri tu. Kumbe kamera ilishawaka tangu kwenye foleni, na sehemu ya kwanza ya msimu wowote hutengenezwa kwa picha za watu waliokuja kuomba. Aliyekataliwa naye ana kazi yake katika sehemu hiyo: ndiye anayemfanya aliyekubaliwa aonekane amepita kwenye tundu la sindano.

Baada ya meza yakafuata mazoezi ya kikundi, watu kumi kwenye duara, kila mmoja nusu dakika ya kujieleza, kisha mnapewa hoja mgombane. Sina mengi ya kusema hapo. Wanaopita ni wale wanaosikiliza kabla ya kurusha jiwe, na Fundi alipita.

Chumba cha pazia la buluu

Mahojiano marefu yalifanyika kwenye chumba cha hoteli, siku tisa baadaye. Pazia la buluu, taa mbili, mpiga picha mmoja, na mhojaji. Mhojaji alikuwa dada mpole, na naomba nieleweke: upole wake haukuwa wa kuigiza. Nimefanya naye kazi. Alimwuliza Fundi kama amekula, akamsogezea maji, akamwambia hakuna majibu sahihi.

Mkononi alikuwa na fomu ya Fundi. Fomu hizi ni ndefu, maswali sabini au zaidi, mengine ya kipuuzi, mengine ya kuchimba. Swali la 43 lilikuwa: ni nani katika maisha yako ambaye hamzungumzi, na kwa nini? Fundi alikuwa ameandika maneno manne: "Dada yangu. Miaka miwili" na alama ya nukta. Kwa nini hakuandika. Nadhani hiyo nukta ilikuwa ni mlango aliokusudia kuufunga.

Mhojaji alianza kwa mbali. Kazi, wateja, utoto, nani alikufundisha kushona. Mama. Mama yuko wapi? Alifariki. Pole sana. Halafu mhojaji akanyamaza.

Ukimya ni chombo cha kazi kama ilivyo kamera. Watu wengi hawavumilii ukimya wa zaidi ya sekunde tano mbele ya mtu anayewatazama kwa huruma, hujaza. Fundi akajaza. Akaeleza kwamba mama aliacha mashine tatu za kushonea, na dada yake mkubwa, ambaye pia ni fundi, alikuja na gari wiki ileile ya msiba akazichukua zote. Akaeleza pia, na hili ni la kuzingatia, kwamba dada ndiye aliyekopa kulipia hospitali kwa mwaka mzima, kwamba alisema mashine ni fidia ya deni, kwamba hakuna aliyewahi kuandikishana na mtu, na kwamba "labda na mimi ningefanya hivyo hivyo, sijui." Kwa kumbukumbu yake yeye, maelezo yalichukua dakika saba hivi. Alilia kidogo katikati.

Mhojaji akasema asante. Kisha mpiga picha akasema betri imekufa njiani, sijui imeshika mpaka wapi.

"Tutakusumbua, dada. Unaweza kurudia? Na mara hii anza na 'dada yangu', ili anayetazama asihitaji kusikia swali langu."

Akarudia. Ikawa dakika tatu. Hospitali ilitajwa kwa sentensi moja.

"Vizuri sana. Sasa kwa ufupi zaidi, kama unamsimulia mtu kwenye lifti."

Ikawa nusu dakika. Hospitali haikutajwa.

"Na ungemwelezaje kwa neno moja tu?"

"Mwizi," akasema Fundi, akashangaa mwenyewe jinsi neno lilivyotoka.

"Niwekee kwenye sentensi."

Hebu mtazame mtu anavyokatwa kabla hajafika kwa mhariri. Hakuna hatua hata moja kati ya hizo ninayoweza kuiita hila. Betri hufa kweli. Kumwomba mtu arudie swali ndani ya jibu ni desturi ya kila mahojiano ambayo sauti ya mwulizaji itaondolewa. Kufupisha ni kawaida. Lakini katika kila duru kilichopungua kilikuwa upande wa dada, kwa sababu upande wa dada ndio uliohitaji maelezo, na maelezo ndiyo yanayokula muda. Hasira ni fupi. Haki ya mtu mwingine ni ndefu. Ukiombwa ufupishe mara tatu mfululizo, utabaki na hasira hata kama uliingia chumbani bila hasira.

Na kicheko? Nilimwuliza, maana kwenye runinga ndicho kilichomfanya aonekane mkatili. Akanieleza kwamba mahojiano yalipokwisha, mpiga picha alirudi nyuma akajikwaa kwenye kigoda, karibu aanguke na taa. Kamera ilikuwa bado inaendelea. "Nilikuwa nacheka kigoda," alisema.

Kijikaratasi

Nimeahidi kukirudia. Kila fomu iliyopita mchujo wa video iliwekewa kijikaratasi cha njano juu yake, na aliyeipitisha anaandika mstari mmoja wa kumwongoza mhojaji. Fomu ya Fundi niliipitisha mimi. Kwenye kijikaratasi niliandika: "Pini! Na uliza kuhusu dada (43)."

Sikuandika kwa ubaya. Niliona maneno manne na nukta, nikajua kuna kitu, na kazi yangu ilikuwa kunusa kitu. Nilimweleza Fundi hivyo jioni ya pili. Alinyamaza muda mrefu kuliko sekunde tano, nami nikajaza, kama wanavyojaza wote.

Kuna ushauri unaotolewa kwa kila anayekwenda kwenye usaili wa namna hii, na mimi mwenyewe nimeutoa mara nyingi: kuwa wewe mwenyewe. Ni ushauri wa kweli kwa upande wa mteuzi, kwa kuwa mtu anayejiigiza anachosha. Kwa upande wa msailiwa umepungua. Wewe mwenyewe si mali yako peke yako. Ndani yako wamo mama yako, mume uliyeachana naye, rafiki aliyekuambia jambo usiku akidhani limeishia hapo. Hao hawakusimama kwenye foleni wala hawakuweka sahihi kwa kalamu ya kamba.

Msomaji anayejiandaa namshauri aanzie hapo, kabla ya kufikiria atavaa nini. Kaa na karatasi, pitia maisha yako kama unavyopanga kabati, na tenganisha yaliyo yako na yaliyo yenu. Kwamba uliwahi kufeli, kufukuzwa, kulewa ukaaibika, kupenda usipopendwa: hayo ni yako, yatoe kwa ukarimu, na yatoe na vijipande vyake vidogo maana ndivyo vinavyouza. Yaliyo yenu yawekee sentensi moja tayari, uliyoitamka kwa sauti nyumbani mpaka ikazoea mdomo: "Hilo lina watu wengine ndani yake, niulize jingine." Nimeshaona watu watatu wanne wakisema hivyo chumbani. Hakuna aliyeondolewa kwa sababu hiyo. Mhojaji hugeuza ukurasa, ana maswali sabini. Mmoja wao aliingia ndani ya nyumba na kukaa mpaka wiki ya mwisho.

Akiba

Baada ya mahojiano Fundi alipimwa afya na akakutanishwa na mwanasaikolojia. Vipimo hivi vina historia yake. Mshiriki wa kwanza kuondolewa kwenye Expedition Robinson mwaka 1997 alijiua kabla hata kipindi hakijaanza kurushwa. Nchini Uingereza, mwaka 2019, mtu mmoja alifariki siku chache baada ya kurekodiwa kwenye The Jeremy Kyle Show, kipindi cha runinga cha watu kuanika ugomvi wao. Kipindi hicho kikafutwa, na kuanzia Aprili 2021 msimamizi wa utangazaji, Ofcom, akawa na kanuni zinazowataka watangazaji wajali ustawi wa watu wanaoshiriki kwenye vipindi. Watayarishaji makini huchukua wanasaikolojia kabla, wakati na baada.

Katika timu yetu huyo "baada" alikuwa wa walioingia. Fundi aliongea na mwanasaikolojia dakika 40, akaambiwa yuko imara, na hakumwona tena.

Kisha akapigiwa simu: umekuwa wa akiba. Funga begi, acha simu wazi usiku na mchana, usimwambie mtu. Kila msimu huwa na watu wa akiba, kwa kuwa daima kuna mmoja atakayeugua, atakayeogopa, au atakayegundulika ameficha kitu. Kwa mteuzi ni bima. Kwa aliye akiba ni wiki tatu za kukaa juu ya begi. Fundi alikataa kazi za harusi mbili, akawaambia wateja anasafiri, akajifungia. Usiku wa uzinduzi aliwaona kina wale 12 wakiingia mmoja mmoja, akafungua begi, akaanza kutoa nguo. Alikuwa na fulana mkononi aliposikia sauti yake mwenyewe kwenye runinga.

Simu ya kwanza haikutoka kwa dada. Ilitoka kwa yule mteja wa gauni, akicheka, akisema amemwona. Ya pili ilikuwa ya mjomba. Dada hakupiga.

Aliwapigia watayarishaji siku iliyofuata. Walimsikiliza kwa adabu, wakamsomea kifungu, na baada ya wiki moja wakakiondoa kile kipande kwenye mtandao kama hisani, wakisisitiza neno hisani. Kwenye marudio ya runinga kilibaki. Kisheria sidhani alikuwa na pa kushika, na wakili aliyemwona alimwambia vivyo hivyo kwa muda mfupi kuliko niliotumia mimi kuuandika mstari huu.

Wawili wengine waliokatwa

Tulipokuwa tunazungumza Fundi alinitajia watu wawili, kwa hasira: kwa nini wao mkasi wa mhariri uliwabeba?

Wa kwanza ni Susan Boyle. Usaili wake wa Britain's Got Talent, shindano la vipaji la Uingereza, ulirushwa tarehe 11 Aprili 2009: mwanamke wa miaka 47, nywele hazijashughulikiwa, ukumbi unaguna, majaji wanatazamana, kisha anaimba na kila mtu anasimama. Dunia ilipigwa na butwaa. Ila kwenye mashindano ya namna hiyo hakuna anayefika mbele ya majaji bila kusikilizwa kwanza na watayarishaji. Nyuma ya jukwaa walishajua ana sauti gani. Yale macho ya dharau kabla hajaimba yaliwekwa pale yakae mpaka yapinduliwe. Ni mkasi uleule uliomkata Fundi, ila kwake ulikata kwa kumpendelea. Alishika nafasi ya pili katika fainali, nyuma ya kundi la wachezaji Diversity, akaendelea kuuza santuri dunia nzima.

Wa pili ni William Hung, mwanafunzi wa uhandisi wa Chuo Kikuu cha Berkeley, California, ambaye usaili wake wa American Idol, shindano la uimbaji la Marekani, ulirushwa Januari 2004. Huyu hakuwa na sauti, alicheza nje ya mdundo, akakatishwa katikati, na alipokataliwa akajibu kwa utulivu kwamba amefanya kadiri ya uwezo wake na hajutii. Alirushwa ili achekwe. Watu wakamcheka, kisha wakampenda, akarekodi albamu mwaka huohuo. Kama kuna mtu aliyetumiwa na usaili naye akautumia, ni yeye.

Nilimwambia Fundi tofauti ninayoiona mimi. Kilichokuwa mezani kwa Hung ni Hung: sauti yake, kiuno chake, aibu yake. Alipocheka pamoja nao hakuna mtu wa tatu aliyeumia, kwa hiyo kicheko kiliweza kugeuka mapenzi. Fundi hakuweza kugeuza chochote, maana angefanya nini, ajitokeze acheke pamoja na watazamaji kuhusu dada yake? Aliyetajwa hakuwepo.

Fundi hakukubali yote. Alisema Hung alikuwa mvulana, na mvulana akiaibika anaitwa jasiri. Nadhani ana hoja, na sikuwa na la kumjibu.

Akaniuliza swali ambalo sikulitegemea: kama nisingesema kuhusu dada, ningefika akiba? Nililifikiria. Ukweli ni kwamba hapana, pengine asingempandisha mhojaji hamu, na picha yake isingefika ukutani kwetu. Kitu kilichomsogeza mbele ndicho kilichomharibia. Wala hakikumfikisha ndani ya nyumba, kilimfikisha kibarazani kwa mara ya pili, na begi.

Usaili wa msimu mwingine umeshatangazwa. Ana fomu, haijajazwa. Ameniomba nimsaidie na video, nikamwambia sipo tena kwenye timu ile lakini nitamshikia simu.

Kuhusu mashine: wiki iliyopita alikuta moja kati ya zile tatu mlangoni kwake asubuhi, imefunikwa kwa shuka la mama, bila ujumbe. Aliifunua, akaigeuza ili aitie mafuta, akakuta kile kikasha cha uzi wa chini hakimo. Hajui kama kimesahauliwa au kimetolewa. Ameweka pini mdomoni, akapiga picha mashine na lile tundu tupu, na mpaka naandika hapa hajaamua kama amtumie dada.